Mgonjwa Haulizwi Uji? Kufundisha Misingi Minne ya Maadili ya Tiba katika Shule ya Msingi

Wahenga walisema: mgonjwa haulizwi uji. Methali hii twaifundisha katika vipindi vya Kiswahili, na wanafunzi huikariri bila taabu. Maana yake ni njema: amtakiaye mwenzake heri hangoji kuombwa, hupika uji akampelekea. Lakini mgonjwa aliyelazwa hospitalini hapewi uji peke yake. Huchomwa sindano, hutolewa damu ikapimwa, hupasuliwa, na pengine huingizwa katika utafiti wa dawa ambayo bado haijathibitika. Je, katika mambo hayo pia mgonjwa asiulizwe? Swali hilo ndilo mlango wa somo tunalokusudia kulieleza katika makala haya.

Huenda mwanachuo akashangaa: maadili ya tiba yamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi? Je, si kazi ya vyuo vya uuguzi na udaktari? Tunazo sababu tatu za kujibu kwamba yanamhusu sana. Kwanza, watoto tunaowafundisha ndio wagonjwa na wauguzaji wa wagonjwa katika nyumba za kesho, na mtu asiyezoea kuuliza akiwa mdogo hanyanyui mdomo akiwa mkubwa mbele ya koti jeupe. Pili, huduma nyingi za afya hufika shuleni kwenyewe: chanjo, dawa za minyoo na za kichocho, upimaji wa macho. Mwalimu ndiye apangaye mistari, agawaye barua za wazazi na ajibuye maswali ya watoto wenye hofu. Tatu, mwalimu hukabidhiwa siri. Mzazi humnong'oneza kwamba mtoto ana kifafa, au kwamba anatumia dawa kila siku. Mwalimu asiyejua thamani ya siri hiyo aweza kumharibia mtoto maisha kwa neno moja la ofisini.

MISINGI MINNE

Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, Tom Beauchamp na James Childress, walitoa kitabu kilichoyakusanya maadili ya tiba chini ya misingi minne. Misingi hiyo haikuzuliwa siku hiyo. Kiapo cha kale kinachonasibishwa na Hippocrates, tabibu wa Uyunani, kilikwisha kumtaka tabibu ajiepushe na kumdhuru mgonjwa na afiche aliyoyaona nyumbani mwake. Lakini mpangilio wa misingi minne ni mwepesi kukumbukwa, na kwa hiyo wafaa darasani.

Msingi wa kwanza ni kuheshimu hiari ya mgonjwa. Mwili ni wake, na uamuzi juu ya mwili huo ni wake. Kutokana na msingi huu ndipo linapotoka neno ridhaa. Ridhaa ya kweli ina masharti manne: mgonjwa aelezwe, aelewe, awe huru kukataa, na awe na akili timamu ya kuamua. Sharti moja likikosekana, sahihi iliyotiwa kwenye karatasi haina uzito. Mtoto mdogo huamuliwa na mzazi au mlezi. Hata hivyo, yapasa naye aelezwe kwa kadiri ya umri wake. Utunzaji wa siri pia hutokana na msingi huu, kwani habari za mwili wa mtu ni sehemu ya nafsi yake.

Msingi wa pili ni kutenda mema. Mganga yupo kwa ajili ya faida ya mgonjwa. Haitoshi asimdhuru, yampasa amsaidie, ampunguzie maumivu, na amfuatilie. Hapa ndipo penye uji wa methali yetu.

Msingi wa tatu ni kutodhuru. Kila dawa ina upande wa pili. Mwaka 1957 dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi, na baadaye katika nchi nyingine nyingi. Wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Ilipofika mwisho wa mwaka 1961 ikaondolewa sokoni huko Ujerumani, kwani ilibainika kuwa watoto walikuwa wakizaliwa na mikono na miguu mifupi mno, au bila viungo hivyo kabisa. Inakadiriwa kuwa waliodhurika duniani ni zaidi ya watoto 10,000. Huko Marekani daktari mmoja wa idara ya serikali inayosimamia dawa, Bi. Frances Kelsey, alikuwa ameombwa mwaka 1960 aiidhinishe dawa hiyo. Alikataa, akadai ushahidi zaidi, na ingawa alisukumwa mara kwa mara hakutetereka. Tunamtaja kwa sababu wanafunzi hudhani kutenda mema ni kutoa kitu. Mfano huu waonyesha kuwa pengine wema ni kuzuia mpaka ukweli ujulikane.

Msingi wa nne ni haki. Huduma zikiwa chache, apewe nani? Mwaka 1962, katika mji wa Seattle, Marekani, palikuwa na kituo chenye mashine za kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimekufa. Mashine zilikuwa chache kuliko wagonjwa. Ikaundwa kamati ya raia saba ili ichague nani atibiwe na nani aachwe afe. Wanakamati hao waliangalia hata kipato cha mgonjwa, ndoa yake na kwenda kwake kanisani. Habari zilipoandikwa gazetini watu wengi walishtuka. Je, mtu asiye na kazi ana haki ndogo ya kuishi? Mwaka 1972 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwalipia matibabu hayo wagonjwa wa figo walio wengi. Swali la kamati ile, hata hivyo, huzaliwa upya kila penye kitanda kimoja na wagonjwa wawili.

KISA CHA KUFUNDISHIA: TUSKEGEE

Misingi ikitajwa mitupu haishiki katika akili ya mtoto. Inahitaji kisa. Kisa tunachokipendekeza ni cha kweli, nacho kilitokea katika Wilaya ya Macon, Jimbo la Alabama, Marekani, karibu na mji wa Tuskegee.

Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwachunguza wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini. Wanaume 399 walikuwa na ugonjwa wa kaswende. 201 hawakuwa nao, wakawekwa kwa ajili ya ulinganisho. Wagonjwa hawakuambiwa jina la ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya", nao wakaamini kwamba wanatibiwa. Walipewa chakula, usafiri, uchunguzi wa bure, na ahadi ya gharama za maziko endapo familia itaruhusu maiti ipasuliwe. Waliitwa kwa barua waje wapate tiba maalumu ya bure. Kumbe kilichofanyika ni kuchomwa sindano ya uti wa mgongo ili maji yake yakapimwe. Nia ya watafiti ilikuwa kutazama kaswende isiyotibiwa inavyomla mtu mpaka kufa.

Katika miaka ya 1940 ilidhihirika kuwa penisilini inaponya kaswende. Dawa ikaenea nchini kote. Wanaume wa Tuskegee hawakupewa; tena zilifanyika jitihada wasiipate kwingineko. Baadhi yao walikufa, baadhi ya wake zao waliambukizwa, na wapo watoto waliozaliwa na ugonjwa huo. Mtumishi mmoja wa idara hiyo, Peter Buxtun, alianza kulalamika mwaka 1966, asisikilizwe. Mwaka 1972 habari zikatolewa magazetini, na utafiti ukasimamishwa baada ya miaka 40. Mwaka 1974 ilipitishwa sheria ya kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti, na mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa. Siku hiyo ni wanane tu kati ya wanaume wale waliokuwa bado hai.

Mwalimu na aangalie jambo moja. Wako wanaosimulia kwamba wanaume wale waliambukizwa kaswende na watafiti. Si kweli, walikuwa nayo tayari. Ubaya wa kisa hiki hauhitaji chumvi. Mwalimu akiongeza uongo katika somo la ukweli, amelibomoa somo lake mwenyewe.

ANDALIO LA SOMO

Somo hili ni la Darasa la Sita, vipindi viwili vinavyofuatana.

Madhumuni: mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kuieleza misingi minne kwa maneno yake mwenyewe, aweze kumwuliza mhudumu wa afya, kwa adabu, maswali yanayomhusu, na aweze kutoa uamuzi juu ya tatizo fulani na kuutetea kwa sababu.

Zana: ubao, chaki, na kadi nne za karatasi ngumu zenye maneno HIARI, WEMA, KUTODHURU, HAKI. Hakuna haja ya kununua kitu.

Hatua ya kwanza: Methali. Mwalimu aandike methali yetu juu ya ubao, kisha augawe ubao sehemu mbili: "Haulizwi" na "Aulizwe". Wanafunzi wataje mambo anayofanyiwa mgonjwa, na kila jambo liwekwe upande wake. Uji, maji na shuka vitakwenda upande wa kwanza bila ubishi. Kupasuliwa kutakwenda upande wa pili. Kisha mwalimu aulize: na kijana aliyegongwa na pikipiki akazimia, wala jamaa zake hawajulikani? Hapo darasa litagawanyika. Mwalimu asiharakishe jibu. Awaongoze waone kwamba aliyezimia hawezi kuulizwa, na kungoja ni kumwua. Hivyo mganga humwokoa kwanza, akichukulia kwamba mtu yeyote angependa kuokolewa. Akizinduka, haki yake ya kuulizwa humrudia.

Hatua ya pili: Kisa. Mwalimu asimulie kisa cha Tuskegee polepole, akisimama mahali patatu. Baada ya maneno "damu mbaya" aulize: wanaume hawa wameridhia nini? Baada ya habari za chakula na maziko aulize: maskini akiahidiwa chakula, je, yu huru kukataa? Baada ya habari za penisilini aulize: sasa ni msingi gani umevunjwa? Wanafunzi wainue kadi. Mara nyingi kadi zote nne zitainuliwa kwa pamoja, nao watakuwa wamesema kweli: wanaume walifichwa ukweli, walinyimwa tiba, walidhurika, na walichaguliwa kwa sababu ya rangi na umaskini wao.

Hatua ya tatu: Igizo. Wanafunzi watatu waigize zahanatini. Mtoto ana homa, na muuguzi anataka kumpima malaria. Mara ya kwanza muuguzi amshike mtoto mkono kwa nguvu na kumtoboa bila neno. Mara ya pili maigizo yaende hivi:

Mama: Shikamoo, sista.
Muuguzi: Marahaba, mama. Pole kwa kuuguliwa. Tunataka kumpima Zawadi malaria. Tutamtoboa kidole, tuchukue tone moja la damu. Majibu yatatoka muda si mrefu. Una swali?
Mama: Akikutwa nayo, atapewa dawa gani?
Muuguzi: Vidonge vya siku tatu; nitakueleza namna ya kumpa. Asipokutwa nayo, tutatafuta sababu nyingine ya homa. Unakubali tumpime?
Mama: Nakubali.
Muuguzi: Na wewe Zawadi, umesikia? Itauma kidogo kama mwiba, halafu basi. Nipe kidole unachokitaka wewe.

Darasa lilinganishe maigizo hayo mawili. Kipimo ni kile kile, na tone la damu ni lile lile. Maneno yaliyoongezwa hayakuchukua hata dakika mbili. Ni kitu gani basi kilichobadilika? Tukiwaacha watoto watafute jibu wenyewe, huligundua: katika igizo la pili Zawadi ni mtu.

Hatua ya nne: Vikundi. Kila kikundi kipewe tatizo moja. (a) Mzee mwenye akili timamu ameelezwa kwamba mguu wake yafaa ukatwe, naye anakataa. (b) Wagonjwa wawili wanahitaji kitanda kimoja. Aliyezidiwa ni mchuuzi wa samaki, na mwenye nafuu ni ndugu wa mkubwa. (c) Mhudumu wa zahanati anasimulia sokoni ugonjwa wa jirani. (d) Mzazi anakataa mtoto wake aliye hatarini asitibiwe.

Hatua ya tano: Tathmini. Kila mwanafunzi aandike maswali matatu ambayo mgonjwa anaweza kumwuliza mganga. Yakubaliwe maswali kama haya: Naumwa nini? Dawa hii itanisaidia vipi, na yaweza kunidhuru vipi? Je, ipo njia nyingine?

MISINGI INAPOGONGANA

Mwanachuo ataona kuwa matatizo yale ya vikundi hayana uzito sawa. La (b) na la (c) yana majibu ya wazi: kitanda hutolewa kwa kuangalia hali ya ugonjwa, na siri ya mgonjwa haiendi sokoni. La (a) na la (d) ni magumu, kwa sababu humo msingi mmoja unapigana na mwingine.

Kwa mzee wetu, wema unasema akatwe mguu apone, na hiari inasema aachwe. Inakubalika kwamba mtu mzima mwenye akili timamu, aliyeelezwa akaelewa, ana haki ya kukataa tiba. Lakini kukubali kukataa kwake si kumtupa. Mganga ana wajibu wa kurudi kwake, kumwuliza anaogopa nini, kumwita mtu anayemwamini, na kumtuliza maumivu hata akishikilia neno lake. Mara nyingi aliyekataa leo alikuwa hajaelewa, au alikuwa akiwaza nani atamlimia shamba.

Kwa mtoto, mambo ni mengine. Mzazi hutoa ridhaa kwa niaba ya mtoto na kwa faida ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 huhesabu matibabu, pamoja na chanjo, miongoni mwa mambo ambayo mtoto anastahili kupatiwa. Kwa hiyo hiari ya mzazi ina mpaka, na mpaka wake ni uhai wa mtoto. Hata hivyo, mwalimu asiwafundishe watoto kuwadharau wazazi. Awafundishe kwamba mzazi mwenye hofu huelimishwa kwanza, tena kwa heshima, na kwamba wako viongozi na maafisa wa ustawi wa jamii wa kusaidia inapoonekana mtoto ataangamia.

TAHADHARI KWA MWALIMU

Hatari kubwa ya somo hili ni kupanda hofu. Mtoto aweza kutoka darasani akiamini kwamba hospitali ni mahali pa hila, akaikimbia sindano ya chanjo wiki ijayo. Hapo tutakuwa tumevunja msingi wa kutodhuru tukiwa tunaufundisha. Kwa hiyo kisa cha Tuskegee kisiachwe bila mwisho wake. Wanafunzi waelezwe kwamba kutokana na maovu ya namna hiyo dunia ilijiwekea kanuni. Mwaka 1947, baada ya kuhukumiwa kwa madaktari wa Kinazi waliowatesa wafungwa kwa jina la utafiti, mahakama ya Nuremberg ilitamka kwamba ridhaa ya hiari ni sharti lisiloepukika. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilitoa Azimio la Helsinki, ambalo limerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Katika nchi zetu pia utafiti juu ya binadamu hauna budi kupitiwa kwanza na kamati ya maadili. Mtoto ajifunze kuuliza ili apate kuamini kwa haki, asijifunze kukimbia.

Tahadhari ya pili ni mifano. Mwalimu asitumie kamwe ugonjwa wa mwanafunzi, wa mzazi au wa jirani kama mfano darasani, hata akificha jina. Katika kijiji majina hayafichiki.

Tahadhari ya tatu yamhusu mwalimu mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya shuleni ni mwalimu. Akipewa habari ya afya ya mtoto, ajiulize maswali matatu kabla ya kufungua mdomo: Nani anahitaji kujua? Anahitaji kujua kiasi gani? Mtoto na mzazi wamekubali? Mwalimu wa zamu aweza kuhitaji kujua namna ya kumlaza mtoto mwenye kifafa anapoanguka. Hahitaji kujua historia ya familia nzima. Kuhusu virusi vya UKIMWI, sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo. Neno la mzaha katika chumba cha walimu laweza kuwa kosa la kisheria, na kabla ya hapo limekwisha kuwa ukatili.

Mwisho, wahudumu wa afya wanapofika shuleni, mwalimu ahakikishe barua za wazazi zimetangulia kwa lugha inayoeleweka, watoto wameelezwa kitakachofanyika na sababu yake, na pana mahali pa faragha kwa jambo linalohitaji faragha. Asiwatishe watoto kwa fimbo ili wanyooshe mkono. Darasa lililofundishwa misingi minne asubuhi, likaburutwa kwenye sindano mchana, litakuwa limefundishwa somo la mchana peke yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja masharti manne ya ridhaa, kisha onyesha yalivyovunjwa huko Tuskegee.
2. Bi. Frances Kelsey alikataa kuidhinisha dawa. Eleza jinsi kukataa kwake kulivyokuwa kutenda mema.
3. Mwanafunzi wako anakuuliza: "Mwalimu, kama mgonjwa ana haki ya kukataa, na mimi naweza kukataa chanjo?" Andika jibu utakalompa, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka 12 ataelewa.
4. Andaa igizo la dakika tano linaloonyesha msingi wa haki katika zahanati ya kijiji. Lifanyieni majaribio wenyewe kwa wenyewe kabla ya mazoezi ya kufundisha.

Methali yetu ibaki palepale ubaoni. Haina kosa. Mgonjwa haulizwi uji, kwa kuwa uji ni huruma, na huruma haingoji ruhusa. Lakini anayeuleta uji huo na ampe mgonjwa bakuli mkononi, amwambie umepikwa kwa nini, na amwachie akiba ya kusema, "Ahsante, huu siutaki."